Naam Tatu Kwenye Simu

Alhamisi, tarehe 6 Disemba 1956, sawa na mwezi tatu, Mfungo Nane, kwa kalenda ya Kiislamu. Mvua ya vuli ilianza kabla ya adhana ya Alfajiri, na mpaka jua lilipopaswa kuwa juu ilikuwa bado haijapumua. Maji yalishuka kwenye mapaa ya Kiponda kama ndoo zinazomwagwa na mtu mwenye hasira. Borafya Jecha alisimama mbele ya mlango wa mkwewe, sanduku la bati begani, kanzu imemganda mwilini.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

"Nani?"

"Mie, mama. Borafya. Shikamoo."

Marahaba haikuja. Zilikuja hatua za polepole, kisha komeo, kisha mlango ukafunguka upana wa kiganja. Ndani ya ufa ule palikuwa na jicho moja la Bi Mwamvua, mama yake Kidawa.

"Umefuata nini?"

"Nimefuata nini? Mama, nimekuja likizo. Nimeshuka melini sasa hivi, hata chai sijanywa. Nimekuja kumwona mke wangu."

"Mke wako yupi?"

"Kidawa, mama. Nina mke mwengine?"

"Huna. Na huyo pia huna."

Borafya alicheka kidogo, akidhani ni utani wa wakwe. Jicho lile halikucheka.

"Na usiniite mama. Mtu akishamwacha mtoto wangu, mie kwake ni Bi Mwamvua tu, kama ninavyoitwa sokoni."

"Nimemwacha? Nani kasema nimemwacha?"

"Wewe mwenyewe! Simu yako tuliipata. Mara moja haikukutosha, ukatia na ya pili, ukatia na ya tatu, kama mtu anayepigilia misumari. Mwanangu hajatoka hata ukumbini kwa babake, chuo chake cha kwanza umeshakivunja."

Waunguja huita ndoa chuo. Kwa hiyo Borafya alikuwa na vyuo viwili, kimoja Kampala na kimoja nyuma ya mlango huu.

Alitaka kujibu, lakini pua yake ilikuwa imeshaingia ndani kabla yake. Alinusa udi. Alisikia wanawake wakichagua mchele kwenye sinia, wakicheka kwa sauti ya chini. Moyo wake ukapoa kuliko kanzu yake.

"Mna shughuli gani?"

"Kesho baada ya Ijumaa Kidawa anaolewa. Hamjaingia nyumba moja, kwa hiyo hana eda ya kukaa. Mwanamume ameposa, amekubaliwa."

"Mwanamume gani?"

"Aliyetuletea habari yako, kisha akakaa akalia na sisi. Jaku."

Kutoka ghorofani sauti ikashuka, sauti ambayo Borafya aliisikia mara chache tu maishani lakini aliijua kuliko yake mwenyewe.

"Mama, nani huyo?"

Bi Mwamvua hakugeuka. Alimkazia macho Borafya.

"Hakuna mtu, mwanangu. Ni mvua."

Mlango ukafungwa.

* * *

Borafya alikuwa mtu wa Makunduchi, yatima, aliyekuja mjini kupanga magunia kwenye ghala la karafuu. Mchana alibeba, jioni alisoma. Wenzake walipokwenda Forodhani kupunga upepo, yeye alikwenda darasani na kandili, akakariri kemia kutoka kitabu kimoja kilichokuwa hakina jalada. Kila baada ya Isha aliomba dua ile ile, "Ya Rabbi, nifungulie." Miaka ikapita, ndevu zikaota, mtihani ukafaulu, na siku moja jina lake likatoka miongoni mwa wanaokwenda chuo kikuu Kampala kusoma sayansi. Mtaa mzima ulimpeleka bandarini.

Mzee Mmanga, fundi wa kuchonga milango pale Kiponda, alimwozesha binti yake Kidawa kabla hajaondoka. Ndoa ilifungwa, harusi ikaahirishwa mpaka masomo yaishe. Borafya mwenyewe alitaka kuivunja safari. Kidawa alimtumia neno kupitia kwa mamake, akamwambia, "Asibaki kwa ajili yangu. Nitamngoja mtu aliyesoma, sitamngoja mtu aliyejuta."

Sasa Borafya alikuwa amekaa kwenye baraza ya msikiti baada ya sala ya Adhuhuri, maji yakimchuruzika, mbele ya Sheikh Pandu aliyemfundisha darsa za Maghrib kwa miaka.

"Umekonda," Sheikh alisema. "Huko Kampala hamli?"

"Tunakula ndizi za kupondwa, Sheikh. Mchana ndizi, jioni ndizi."

"Basi ndiyo maana ya elimu ya juu. Haya, futa uso. Niambie ulichosema kwenye ile simu, neno kwa neno. Usinitengenezee."

"Wewe unaijua habari hiyo?"

"Mzee Mmanga alikuja kuniuliza hukumu. Niliulizwa kwa maneno, nikajibu kwa maneno. Kama maneno yalikuwa mabovu, na jawabu langu litakuwa bovu, nami nitaulizwa kwa hilo. Sema."

Borafya akasema.

Alisema jinsi muhula wa kwanza ulivyompokea. Wenzake wote walikuwa vijana wadogo waliotoka skuli kubwa za bara, waliozoea vyombo vya maabara tangu utotoni. Yeye alijua majina yake kwa moyo, lakini hakuwahi kuvishika. Mwalimu alipozungumza Kiingereza kwa haraka, Borafya alikuwa bado anatafsiri sentensi ya kwanza wakati wenzake wanaandika ya tano. Alipewa chura wa kupasua, akasoma Bismillahi kimoyomoyo, kisu kikamtetemeka, darasa likacheka. Baridi ilimwingia mifupani. Alisali kwenye kona ya bweni akiwa na blanketi mabegani.

"Mpaka siku ya tindikali, Sheikh. Kitabuni nilisoma kwamba tindikali humiminwa ndani ya maji, si maji ndani ya tindikali. Nililijua hilo usingizini. Lakini siku ile mikono yangu ilikumbuka jikoni. Jikoni kitu kikali hukitia maji. Nikatia maji."

Alikunja mkono wa kanzu. Mkono wa kushoto, kutoka kiganjani mpaka karibu na kiwiko, ngozi ilikuwa imekunjamana kama karatasi iliyolowa ikakauka.

"Subhanallah."

"Walinitibu vizuri, sina la kulalamika. Lakini nilipotoka hospitali nilikuwa nimeshakata tamaa. Nilijiambia, mie mchukuzi wa magunia, nani kanituma huku? Nikaenda posta, nikaomba simu ya Unguja, nikampigia Jaku dukani."

Jaku alikuwa mpwa wa Mzee Mmanga, na rafiki wa Borafya tangu siku za ghala. Alikuwa karani katika duka la tajiri mmoja wa karafuu pale Mchangani, duka lenye simu. Ndiyo maana Borafya alimpigia yeye.

"Ukasemaje?"

"Nilimwambia, 'Jaku, masomo yamenishinda, nimeungua mkono. Mwambie Kidawa nimeacha.' Halafu simu ikaanza kelele, kama mtu anamwaga mchanga juu ya bati. Nikawa namsikia Jaku kwa mbali, mbu ndani ya chupa. Nasikia '...fya!' Naitikia, 'Naam!' Nasikia tena '...dawa...' Naitikia, 'Naam!' Mara mbili zaidi vivyo hivyo. Kisha ikakatika."

Sheikh Pandu alifumba macho.

"Lahaula wala kuwwata! Unajua Jaku anasema alikuwa anauliza nini?"

"Si alikuwa ananiita?"

"Anasema alikuuliza, 'Umemwacha Kidawa?' Ukajibu naam. Akakuuliza tena ili ahakikishe. Naam. Akakuuliza mara ya tatu. Naam."

"Wallahi nilidhani ananiita, Sheikh! Mtu akikuita unasemaje?"

"Nasema naam. Ndivyo tulivyolelewa. Lakini mtu akiulizwa umemwacha mkeo, akasema naam, huyo amekiri. Neno moja, mwanangu, lina milango miwili, na wewe umetumbukia katikati."

Borafya alishika kichwa.

"Na hata masomo sikuyaacha! Mwenzangu wa chumbani alinikamata, akaniambia, 'Subiri mtihani, kama ni kufeli hakutakugharimu kitu.' Nikasubiri. Nimefaulu, kwa unywele tu, lakini nimefaulu. Nimekuja kumwambia hilo!"

Sheikh alisimama, akachukua mwavuli wake.

"Baada ya Alasiri tutakutana kwa Mzee Mmanga. Nenda kavae nguo kavu. Na usiende dukani kumfuata Jaku. Mkono mmoja ulioungua unakutosha."

* * *

Ukumbi wa Mzee Mmanga ulinukia mbao za msaji na udi wa harusi. Mzee mwenyewe alikaa kwenye mkeka, tasbihi mkononi, uso umefungwa. Pazia la chumba cha ndani lilikuwa limeshushwa, na nyuma yake kulikuwa na Bi Mwamvua na Kidawa. Borafya aliona vidole viwili vya miguu chini ya pindo la pazia, vimepakwa hina mbichi. Akainamisha macho.

Jaku aliingia wa mwisho, kofia mpya ya viua iliyodariziwa, akinukia mafuta mazuri.

"Assalamu alaykum. Ah, bwana msomi! Karibu nyumbani. Unatuletea maprofesa au umekuja peke yako?"

"Nimekuja kumtafuta rafiki yangu," Borafya alisema. "Nimeambiwa anaoa."

"Mtu akitupa embe asimwulize aliyeliokota."

"Jaku!" Mzee Mmanga alinguruma. "Hapa hatuuzi maembe. Unamzungumza mwanangu."

"Samahani, mjomba."

Sheikh Pandu alikohoa.

"Tumekutana kwa jambo moja tu. Kesho mwanamke huyu ataolewa. Kama ameachwa, ni halali. Kama hakuachwa, tutakuwa tumemwozesha mke wa mtu, na sote humu tutakuwa tumeshiriki. Jaku, eleza simu ile, toka mwanzo hadi mwisho."

"Nshaeleza, Sheikh."

"Ulimweleza mjomba wako. Mie sikuwapo."

Jaku akakaa vizuri.

"Simu ililia. Nikainyanyua. Borafya akasema, 'Mwambie Kidawa nimemwacha.' Nikashtuka. Nikamwuliza, 'Umemwacha Kidawa?' Akasema naam. Nikamwuliza tena. Naam. Mara ya tatu. Naam. Simu ikakatika. Basi."

"Alisema 'nimemwacha', au 'nimeacha'?"

"Nimemwacha."

"Na kabla ya neno hilo hakusema kitu?"

"Hakusema kitu."

"Salamu je?"

"Eh... salamu alitoa."

"Hakusema lolote juu ya mkono?"

Jaku alirekebisha kofia yake.

"Simu ilikuwa na kelele, Sheikh."

"Vizuri. Kitu chepesi. Kuna Msahafu pale rafuni. Nenda uani ukatawadhe, uje uushike, uyaseme hayo hayo. Tutamaliza, na kesho tutakula pilau yako."

"Sheikh, maneno yangu hayatoshi? Mie mtoto wa nyumba hii."

"Kwa mtoto wa nyumba ndiyo rahisi zaidi. Maji unajua yalipo."

Jaku akatoka kwenda uani. Walisikia kopo likiingia kwenye pipa la maji. Walisikia maji yakimwagika. Kisha walisikia mvua peke yake. Mzee Mmanga alihesabu tasbihi, akaanza tena, akaacha.

"Jaku!" Mzee aliita. "Unatawadha au unaoga josho?"

Jaku akarudi. Mikono ilikuwa imelowa mpaka viwiko, uso umelowa, lakini alisimama kizingitini, hakuingia.

"Sheikh, nimetawadha mara tatu. Udhu hauniingii."

"Kaa chini, useme."

Hakukaa.

"Alisema masomo yamemshinda. Alisema ameungua mkono. Akasema nimwambie Kidawa ameacha. Nikaelewa. Nilielewa vizuri tu."

"Ya Allah!" Bi Mwamvua alipiga ukemi nyuma ya pazia.

"Halafu kelele zikaanza," Jaku aliendelea, macho yakiwa kwenye mkeka. "Nikaona hasikii. Nikasema jina lake, akaitika naam. Shetani akanambia, muulize sasa. Nikamwuliza, 'Umemwacha Kidawa?' Akaitika naam. Nikamwuliza tena na tena, na vijana wa dukani wakisikia maneno yangu, ili wawe mashahidi. Nilijua hasikii."

Mzee Mmanga alisimama na fimbo. Sheikh alimshika kanzu.

"Kaa, Mmanga."

"Mtoto wa dada yangu! Nimemlisha kwa mkono huu!"

"Kaa, ndugu yangu. Fimbo haitarudisha neno."

Borafya hakuwa na fimbo, alikuwa na swali tu.

"Jaku, mie nilikukosea nini?"

Hapo Jaku alinyanyua uso, na haukuwa tena uso wa bwana harusi.

"Hukunikosea kitu. Ndiyo ilivyoniuma. Niliposa kabla yako, mjomba akasema Kidawa bado mdogo. Ukaja wewe na kandili lako, akakua mara moja. Wewe ulipewa Kampala, ukapewa na Kidawa. Mie nilipewa simu."

Alivua ile kofia mpya, akaiweka kizingitini, akatoka mvuani kichwa wazi. Hakuna aliyemwita.

* * *

"Alhamdulillahi," Mzee Mmanga alisema, akifuta jasho. "Basi yamekwisha. Sheikh, tusomee Fatiha."

"Hayajakwisha, baba."

Ilikuwa sauti ya Kidawa. Haikuwa kubwa, lakini ukumbi wote uligeukia pazia.

"Jaku nimemsikia. Siolewi naye, hilo halina mazungumzo. Lakini na mie nna la kuuliza. Borafya."

"Naam."

Lilimtoka kabla hajalizuia. Wanaume walitazama chini kama watu waliopitiwa na jeneza.

"Siku ile, kutoka dukani kwa Jaku mpaka hapa ni vichochoro viwili. Ulishindwa kumwambia aje kuniita nisimame mie kwenye simu?"

"Ningeweza."

"Mbona hukuniita?"

"Niliona haya, Kidawa. Wewe ulisema utamngoja mtu aliyesoma. Nilikuwa na mkono umeoza na masomo yamenishinda. Sikuweza kukusikia ukinyamaza."

"Ukaona bora nisikie kwa mwanamume mwengine."

"Sikufikiri hivyo."

"Na ulipobadilisha niya, ukabaki, ukafaulu, hukupiga tena. Hukuandika."

"Nilitaka nije nikwambie mwenyewe, uso kwa uso."

"Lililo jema ulitaka kuniambia mwenyewe. Lililo baya ukampa Jaku."

Kidawa aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa inapasuka pembeni.

"Unajua wanawake wa bombani wananiitaje? Bi Simu. Nikinyanyua ndoo, mmoja anasema 'triiing', wenzake wanaitika 'naam!' Nimeacha kwenda bombani. Nimeacha kwenda msibani. Nilimkubali Jaku kwa sababu alikuwa mtu pekee aliyekuwa hacheki, na leo najua kwa nini alikuwa hacheki. Sasa nataka kujua kitu kimoja. Uliposema umeacha, mie ulinitia wapi?"

"Kidawa, mwanangu," babake alisema kwa upole, "hilo halina haja. Imeshaonekana ni hila."

"Lina haja," Sheikh Pandu alisema. "Niya ndiyo roho ya neno. Borafya, una udhu?"

"Ninao."

"Shika Msahafu. Ulipotamka nimeacha, ulimnuia mkeo?"

Hapo ndipo kila kitu kilipokuwa. Herufi mbili tu, "la", na Kidawa angekuwa wake, bila swali, mbele ya kila mtu. Mzee Mmanga alikuwa ameshainua mikono kusubiri dua. Borafya aliushika Msahafu kwa mkono wa kulia, akaweka ule wa kushoto, ulioungua, juu yake.

"Sheikh, nilinuia masomo."

"Alhamdu..." Mzee Mmanga alianza.

"Ngoja, baba. Sijamaliza. Kabla ya kwenda posta nilisali. Kwenye sijida nilimwomba Mwenyezi Mungu ampe Kidawa mume bora kuliko mie. Nililia kwa dua hiyo. Kisha nikainuka nikaenda kwenye simu. Neno lilikuwa la masomo. Lakini ile dua ilikuwa bado haijakauka kinywani. Siwezi kuapa kwamba haikuwamo ndani ya neno."

Mzee Mmanga alishusha mikono.

"Mpumbavu!" Mzee Mmanga alinong'ona. "Ungesema la, tungekula wali."

"Ningekula na uongo, baba. Kidawa ameshaletewa mmoja humu nyumbani."

Sheikh Pandu alisogeza kilemba chake.

"Una hakika kwamba ulimnuia?"

"Sina."

"Una hakika kwamba hukumnuia?"

"Sina, Sheikh."

"Basi sikilizeni. Ndoa hii ilifungwa kwa yakini, mbele ya mashahidi, na mie nikiwamo. Na yakini haiondolewi na shaka. Zile naam tatu zilikuwa za mtu asiyesikia, nimezitupa. Na neno lake la kwanza mwenyewe halijui lilikwenda wapi. Shaka haimwachi mke wa mtu. Kidawa ni mke wa Borafya."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Bi Mwamvua alikuwa akilia kwa namna ambayo huwezi kujua ni ya furaha au ya aibu. Borafya alirudisha Msahafu rafuni, akageukia pazia.

"Kidawa?"

"Sheria imenirudisha," alisema. "Sheikh nimemsikia na nimekubali. Lakini moyo wangu hausomi sheria. Uliniombea mume mwengine kwa Mungu, na mie sikuulizwa. Ukaniacha mikononi mwa simu, na mie sikuulizwa. Nyote mmeniamulia mambo yangu, na mie nimekaa na hina miguuni sijui ni ya nani."

"Unataka nikupe talaka?" Borafya aliuliza. "Ukitaka, leo nitaitamka, nami nitaisikia nikiitamka."

Vile vidole viwili chini ya pazia vikajikunja, vikajikunjua.

"Sijui," Kidawa alisema. "Kama wewe usivyojua. Leo sikuachi, wala sikupokei. Rudi Kampala ukasome, ukatie tindikali inapotakiwa kutiwa. Mie ntakaa kwa baba. Nataka uniahidi kwamba habari zako ntazisikia kwako mwenyewe, na sitaki ahadi ya kutikisa kichwa."

"Na ule mchele?" Bi Mwamvua aliuliza kwa kwikwi. "Sinia nne, na watu nshawaalika kesho."

"Upikwe," Mzee Mmanga alisema kwa sauti ya mtu aliyezeeka alasiri moja. "Waje. Tutasoma hitima. Tuwasomee walioko makaburini, na sisi tuliobaki tuombewe."

Adhana ya Maghrib ilikuwa karibu. Sheikh Pandu alijinyoosha, akawatazama wote, kisha akamtazama Borafya.

"Mke wako amekutaka ahadi. Simama uitoe kauli kamili, kwa jina lako, jina la baba yako na jina lake. Sote hapa ni mashahidi, na malaika wawili wa mabegani wanaandika."

Borafya akasimama. Hakuwa na kofia kichwani wala kitu mkononi. Aliliangalia pazia kama mtu anayeangalia mlango ambao hajui ufunguo wake.

"Mimi, Borafya bin Jecha, namwahidi mke wangu, Kidawa binti Mmanga, mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele yenu. Ntarudi chuoni na ntasoma mpaka mwisho wa uwezo wangu. Kila litakalonipata, nikifaulu au nikiungua, atalisikia kwangu kwanza, kwa kinywa changu au kwa mkono wangu, wala sitalipitisha kwa mtu mwengine. Na siku ntakayomaliza ntakuja kupiga hodi kwenye mlango huu. Akiniambia niingie, ntaingia. Akiniambia nisiingie, ntampa talaka yake hapo hapo kizingitini, moja, nikimtazama, ili asikie mwenyewe nilichokisema."